Chora Hewa, Usichore Kiti

Zoezi la kwanza lilikuwa la kuchora hewa. Ndivyo mwalimu alivyosema, na watu kumi na wawili waliotoka nchi mbalimbali kuja kusoma uchoraji kwa wiki sita za kiangazi wakatazamana kama waliosikia vibaya. Katikati ya chumba, juu ya jukwaa fupi, palikuwa na kiti cha mbao chenye mikono. Hakikuwa na mtu.

"Msichore kiti," mwalimu alisema. "Kiti mnakijua, ndiyo maana mtakikosea. Chora nafasi zilizo wazi. Kati ya miguu, chini ya mikono, pale ambapo mtu angekaa. Mkizipata nafasi, kiti kitajichora chenyewe."

Mama Kengele alicheka kimoyomoyo. Kwao alikuwa fundi wa mabango: vichwa vya kuvutia wateja kwenye vibanda vya vinyozi, tairi, soda, meno ya daktari wa meno. Lakini kazi iliyompa sifa ilikuwa picha za marehemu. Watu walimletea kitambulisho kilichopauka na kulowa, sikio moja halipo, nusu ya kidevu imekwenda na maji, naye aliikuza picha hiyo na kujaza kisichokuwapo mpaka wenye msiba wakaangua kilio upya. Miaka kumi na tatu mkono wake ulikuwa ukijaza mapengo. Leo amevuka bahari nzima kuja kuambiwa pengo alichore na aliache lilivyo.

Kengele ndiye binti yake, miaka sita, aliyepewa jina hilo la utani na mama yake mdogo kwa sababu tangu afumbue macho asubuhi hanyamazi. Mama mtu naye akawa Mama Kengele, na jina lake la kwenye pasi likabaki huko huko kwenye pasi. Hawakuwahi kuachana hata siku tatu. Alipokuwa akiondoka mtoto alimng'ang'ania mguu pale uwanja wa ndege, ikabidi abanduliwe kidole kimoja kimoja.

Basi akashika mkaa wa kuchorea akachora hewa, huku akimwaza mtoto.

Mwalimu alipita nyuma yake akasimama. Alikuwa mtu mrefu, mkavu, wa kuomba samahani kabla ya kukubomoa. "Samahani," alisema, "nafasi yako ya kukalia ni nyembamba. Hapa pamebanwa. Pima tena."

Akapima. Alinyoosha mkono, akafumba jicho moja, akatelezesha kidole gumba juu ya penseli kama walivyofundishwa. Kipimo kikarudi kile kile. Akarudia mara tatu. Mwalimu akainama mahali pake, akapima kwa macho yake mwenyewe, kisha akavua miwani na kuifuta.

Mama Kengele alichungulia karatasi ya jirani. Nafasi ya jirani ilikuwa pana, mtu angekaa akajinyoosha. Ya kwake kingo zake zilikuwa zimepinda na kushuka taratibu kutoka juu, pande zote mbili, kama mabega. Alijiambia ni uchovu wa safari, akaikunja kazi na kwenda kula.

Siku ya pili kikaja kingine. Chumba kile kilinuka thina na rangi ya mafuta, harufu alizozizoea kuliko manukato. Asubuhi hiyo, ndani ya harufu hizo, akasikia mafuta ya mtoto. Hakikuwa kitu cha kufanana nayo. Ilikuwa ile ile ya shingoni mwa Kengele akiwa ametoka kuoga na kulala, ya joto, yenye jasho kidogo. Ilitoka jukwaani. Moyo wake uliruka kwa furaha kabla akili haijamuuliza furaha ya nini.

Mwalimu alipopiga makofi ya mapumziko, wote waliweka mikaa yao chini. Mkaa mmoja ukaendelea. Kwaru, kwaru, kwaru, taratibu, juu ya karatasi. Mama Kengele aligeuka kumtafuta huyo mwenye bidii, akakuta watu wote mikono mitupu wanasukumana kwenye birika la kahawa. Sauti ilitoka kwenye stendi yake mwenyewe ya kuchorea. Alipoikaribia ikakatika.

Kilichomchosha zaidi ni jua. Jua la huko wakati wa kiangazi halikujua kuaga. Saa tatu usiku lilikuwa bado limesimama dirishani kama mgeni asiyeondoka. Tangu utotoni alizoea kuogopa giza, na hapa hapakuwa na giza. Kila kitu kilionekana waziwazi, kiti, jukwaa, vumbi la mkaa sakafuni, na bado nywele za kisogoni zilimsimama, naye hakujua aogope kitu gani.

Jumatano mdogo wake, aliyemwachia mtoto, alipiga simu.

"Dada, usishtuke."

"Ukianza hivyo nitaachaje kushtuka?"

"Kengele sikio la kushoto halisikii. Nilidhani ananifanyia utundu. Nikamwita kwa upande ule mara kumi, kimya. Nimempeleka hospitali, wameangalia, wanasema sikio zima kabisa, halina nta, halina kidonda."

"Ameanguka?"

"Hajaanguka, dada. Ameamka tu hivyo. Na amekuwa mpole. Hata mimi kelele zake nimeanza kuzitamani."

Mama Kengele alirudi darasani, akaifunua karatasi yake ya kiti. Kwenye ile nafasi ya kukalia, juu ya mabega ya hewa, palikuwa na sikio. Sikio dogo la kushoto, limechorwa kwa ustadi, na tundu la hereni limekaa juu kidogo kuliko inavyotakiwa, kwa sababu siku ya kutobolewa Kengele alitingisha kichwa. Ulikuwa mkono wake. Mtu hasahau mwandiko wake. Lakini hakukumbuka hata mstari mmoja.

Alichukua ufutio akaanza kulifuta. Halikuwa limepungua hata robo simu ikalia.

"Dada!" Nyuma ya sauti ya mdogo wake palikuwa na mayowe aliyoyajua. "Ameshika kichwa, anasema kuna mtu anamsugua sikio! Anatoka damu!"

Ufutio ukamwanguka. Kule kwenye simu mayowe yakakoma. Mbele yake sikio likarudi polepole kutoka ndani ya karatasi, kama jasho linavyotoka kwenye shati.

Hakuchora tena. Aliifunga karatasi kwa utepe wa gundi, akaiweka nyuma ya kabati uso ukutani, akamwambia mwalimu anaumwa. Siku mbili alikaa bwenini ameshika simu. Siku ya tatu mdogo wake akamwambia Kengele amejigonga mlangoni, jicho la kushoto halioni, na daktari amelimulika mpaka amechoka halina ugonjwa. Mama Kengele alikimbia ngazi zote nne hadi darasani, akaitoa karatasi nyuma ya kabati. Gundi haikuguswa. Aliibandua, na jicho la mwanawe, lenye kile kialama kwenye nyusi alipoangukia ndoo, likamtazama kutoka kwenye hewa ya kiti. Lilikuwa limetulia. Halikumjua.

Alilia pale pale sakafuni. Kilio cha mzazi aliyefungwa mikono hakina aibu, na watu waliokuwa wakichora wakajifanya hawasikii.

Isipokuwa mmoja. Darasa lilikuwa na bibi wa kuchorwa, mzee aliyekaa kwenye kile kiti saa nzima bila kupepesa, na wanafunzi walimpachika jina la Bibi Tulia. Tangu alipokaa mara ya kwanza alikuwa na ajabu yake: wanafunzi kumi na mmoja walimchora na zikatoka sura kumi na moja. Mmoja alimpa pua ndefu, mwingine fupi, mwingine alimpa uso wa shangazi yake mwenyewe. Mwalimu alisema, "Samahani, na uso wake msihangaike, chora mikono," akapita haraka. Mama Kengele, aliyejisifu kwamba humchora hata asiyemwona, alimtazama bibi yule nusu saa, akainamia karatasi, na kichwani hamkuwa na kitu.

Mama Kengele alipotoka kunawa uso, Bibi Tulia alimfuata uani, kwenye bomba wanapooshea brashi, amejifunga joho lake. Aliongea kwa kunong'ona, akiangalia dirisha la darasa.

"Binti. Unamchora nani kwenye kiti changu?"

"Sijui, Bibi. Wallahi sijui."

"Siku ile ya kuchora hewa, ulikuwa unamwaza nani?"

"Mtoto wangu."

"Na mkono wako umezoea kazi gani?"

"Kujaza mapengo. Picha zilizoharibika."

Bibi akatikisa kichwa. "Hao wenzako walichora hewa wakaiacha. Wewe uliikuta wazi ukaijaza. Pale kwenye kiti hukaa jinni, binti. Yupo siku zote, hana sura, na hawezi kwenda popote bila sura. Ukimchorea umbo, sura anaichukua kwa yule uliyemwaza. Sikio, jicho, pua. Mdomo ndio wa mwisho. Mdomo ukitimia, amemaliza."

"Na mtoto?"

"Atabaki kiwiliwili. Anapumua, analishwa."

"Nikichana karatasi?"

"Nilikuona ulipofuta, nikasikia mayowe ya kwenye simu yako. Utamchana mtoto."

"Nikirudi nyumbani leo hii?"

"Yeye hasafiri kwa ndege. Mbali na karibu kwake ni mamoja." Bibi alisogea, sauti ikashuka zaidi. "Kuna njia moja. Mpe sura nyingine, iliyo kamili, ataiacha hiyo. Lakini usimpe ya mtu mwingine, utakuwa umeua. Mpe ya kwako. Ukae na kioo ujichore juu ya mtoto, usiinue mkono mpaka umalize."

Ndipo Mama Kengele akamtazama vizuri uso wake, uso wenye macho, pua na mdomo kama wa mtu yeyote, akauona na kuusahau hapo hapo alipokuwa akiuona. Akaelewa kwa nini darasa zima lilikuwa likimkosa.

"Bibi. Wewe ulimpa."

"Miaka mingi iliyopita. Nilikuwa mwanafunzi kama wewe. Akapata sura yangu akaondoka, na kesho yake kitini alikuwapo mwingine. Ndiyo maana nakaa mimi pale, kiti kisibaki wazi. Lakini siku ya kwanza kila mwaka hawa watu hunitoa wachore hewa."

"Aliondoka akaenda wapi?"

"Nitajuaje? Mimi sikuwa na mama wala mtoto, sikuwa na mtu duniani. Hajarudi kunisumbua." Akafikiri kidogo. "Hutakufa, binti. Utabaki na uso. Ila hautakaa kichwani mwa mtu."

Mama Kengele alipiga hesabu yake kwa dakika moja, hesabu ya mama. Uso wake Kengele angeusahau, lakini sauti angebaki nayo, na mtoto yule alilelewa kwa sauti zaidi ya kitu kingine chochote. Wangeanza upya. Angemwimbia, angemgombeza, mtoto angemzoea kama watoto wanavyozoea miwani mipya ya baba.

"Kioo kiko wapi?" aliuliza.

Alimwomba mwalimu ruhusa ya kubaki baada ya kipindi, na mwalimu, aliyekuwa hamwangalii tena usoni tangu ile siku ya kupima, alimwachia ufunguo akashuka ngazi haraka. Ilikuwa saa kumi na mbili na jua lilikuwa la mchana. Aliweka kile kioo cha kujichorea upande mmoja, karatasi upande wa pili, na kati yao, juu ya jukwaa, kiti. Pua ya Kengele ilikuwa imeshatokea. Mdomo wa juu ulikuwa umeanza.

Aliposhika mkaa harufu ya mafuta ya mtoto ilimjia nzito mpaka ikamkaba, na alipoweka mstari wa kwanza wa taya lake mwenyewe juu ya taya la mwanawe ule mkaa wa pili nao ukaanza, kwaru, kwaru, upande wa ndani wa karatasi, ukishindana naye, yeye akichora jicho lake na wenyewe ukikimbilia kuumaliza mdomo wa mtoto, akaongeza kasi bila kutazama karatasi, macho yake kwenye kioo tu, na kwenye kioo aliona nyuma ya bega lake kile kiti ambacho kwa jinsi alivyokaa hakikupaswa kuonekana humo, na kitini mtu mwenye umbo la mtu mzima na nusu ya uso wa mtoto wa miaka sita, amekunja mikono, anasubiri kama anavyosubiri mteja kwa kinyozi, na kila alipochora kitu chake, nyusi, kidevu, yale mashavu aliyorithi kwa baba yake, kile kitu kilihama humo kiooni, kwake kikififia na kwa yule wa kitini kikikolea, mpaka akasikia ganzi usoni inashuka kutoka kwenye paji hadi kooni, akaacha kuujua uso alioukodolea macho, akawa anajichora kwa kumbukumbu ya mkono, kama alivyowachora marehemu wote wale, na pengo la mwisho lilikuwa mdomo, akaujaza.

Mkaa ukavunjika. Chumba kikanyamaza. Kitini hapakuwa na mtu wala harufu, na kwenye karatasi palikuwa na kiti tu, kimechorwa vizuri, na nafasi yake pana.

Alitaka kupiga simu. Simu yake ilikuwa ya kufunguka kwa kuonyeshwa uso. Aliionyesha, ikakataa. Akaionyesha tena, ikakataa. Akaingiza namba za siri.

"Mama!" Ilikuwa Kengele mwenyewe, kamnyang'anya mama yake mdogo simu. "Mama, naona! Mama, sikio limefunguka, lilifanya pop! Mama, jirani ana paka, ana watoto wanne, mmoja mweusi, mama unasikia? Mama mbona hunijibu?"

"Nakusikia, mwanangu," alisema Mama Kengele, machozi yakimdondoka kwenye uso ambao hakuwa na haja nao tena. "Sema tu. Usinyamaze."

Wiki tano zilizobaki alikuwa mgeni mahali pale pale. Mwalimu alimwuliza mara mbili, "Samahani, wewe umesajiliwa?" Wenzake walimpisha mlangoni kwa adabu ya watu wasiofahamiana. Hakujali. Kila siku alizungumza na mwanawe, na kila siku Kengele alisikia vizuri, aliona vizuri, aliongea mpaka chaji ikaisha.

Uwanja wa ndege afisa aliishika pasi yake, akamtazama, akaitazama pasi, akamtazama tena, akamwita mwenzake. Walinong'onezana. Alama za vidole zikamwokoa. Safari ilikuwa ya siku mbili, ndege tatu, na masaa chungu nzima kwenye viti vya kusubiria, simu imezima mkobani. Njia nzima alijizoeza maneno ya kumwambia mtoto: mama amebadilika kidogo, fumba macho unisikilize.

Alifika nyumbani mchana kweupe. Akagonga. Alisikia zile mbio za miguu midogo, moyo ukamjaa mpaka ukauma.

Kengele alifungua mlango kidogo, akamwangalia juu mpaka chini. Jicho la kushoto lilikuwa safi kabisa.

"Shikamoo," alisema, kama anavyosalimiwa mgeni.

"Marahaba, mwanangu." Akachuchumaa. "Fumba macho unisikilize. Mimi ni nani?"

Mtoto hakufumba. Alitabasamu kwa mshangao. "Una sauti ya mama!"

"Ndiyo, kwa sababu mimi ndiye mama."

Kengele akacheka, kile kicheko chake cha kuamsha mtaa. "Wewe! Mama yuko ndani. Amekuja jana. Mama mdogo amelia kwa furaha."

Mama Kengele alichungulia ndani. Nyuma ya mtoto sebule ilikuwa imefunguliwa mapazia, ina mwanga mwingi, na hakuweza kuona nani amekaa pembeni.

"Kengele," alinong'ona. "Mama amekwambia nini tangu aje?"

"Haongei. Sauti imempotea safarini, anaonyesha tu kooni, hivi." Mtoto akagusa koo lake kwa vidole viwili. "Lakini amemwandikia mama mdogo kwenye karatasi, mama mdogo akanisomea. Amesema kesho atakuja mtu mwenye sauti nzuri, tusimwogope, tumfungulie." Akausukuma mlango mpaka ukutani. "Karibu ndani. Mama anakusubiri."

Na kwa vile mwanawe alishamshika mkono na kuanza kumvuta, Mama Kengele alivua viatu pale mlangoni, akaingia.